Waliomtoa Vuai Kitini

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi za bibi zetu waliisikia tu, palikuwa na mji juu ya mlima ukiitwa Kiungwe. Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Kiungwe ulikuwa mji wa ukuta wa mawe, wenye mashamba ya mtama miteremkoni na mfalme mmoja, Mfaume Dadi. Na watu wake walikuwa na imani moja nzito, kwamba jua na mfalme wana roho moja. Jua likifa mchana, mfalme naye hamalizi msimu. Hamalizi, ila kifo kikidanganywa. Na walikidanganya hivi: mtu mwingine alivishwa kilemba cha mfalme, akaketishwa kwenye kiti cha mfalme, na jua lilipokufa, mtu huyo akauawa. Kifo kikija kumtafuta mfalme kinamkuta ameshakufa, kinakwenda zake.

Kazi ya kujua siku hiyo ilikuwa ya Nyumba ya Anga. Humo walikaa watu waliotazama jua na mwezi, wakakariri mizunguko yake kwa kuimba, mzazi akimwimbia mwana. Na mkuu wa Nyumba ya Anga zama hizo alikuwa mwanamke, Bi Mize.

Mize alikuwa mtu wa kujiamini, na alikuwa na haki ya kujiamini. Alikuwa hajakosea hata mara moja. Alijua kwamba jua hupatwa tu siku ambayo mwezi haupo angani. Alijua pia kwamba kupatwa kuna mzunguko wake: hupita nchi nyingine, na nyingine tena, kisha hurejea pale pale kulipoanzia, kama msafiri anayerudi kwao uzeeni. Mwaka ule alipoimba mizunguko yake hadi mwisho, akaona kwamba msafiri yuko njiani. Kupatwa kule kulikopita Kiungwe enzi za babu yake kulikuwa kunarudi, na kungerudi mtama ukiwa unavunwa, mwezi utakapopotea.

Sasa afanye nini? Akisema, kuna mtu atakufa. Asiposema, watakufa wengi. Maana zamani zaidi, kabla Nyumba ya Anga haijajua hesabu, jua liliwahi kupatwa bila mtu kutaja siku. Watu walikanyagana langoni hadi maiti zikaziba njia, na walinzi wakamuua kila waliyemshika, kila mmoja akitaka awe ndiye aliyemponya mfalme. Mize alilijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo aliamua kusema.

Kabla hajakwenda kwa mfalme, Mzee Ngwali alimjia. Huyu Ngwali alikuwa mtu wa Nyumba ya Anga kama yeye, mkubwa kwake kwa umri, mdogo kwa cheo. Mkewe alikuwa amefariki bila kumwachia mtoto. Maisha yake yote alifanya kazi moja ambayo wenzake waliicheka: kupima unene wa mwezi. Alichomeka ushanga mmoja kwenye ncha ya utete, kijiti chembamba kama mwanzi, akanyoosha mkono, akauweka ule ushanga juu ya mwezi. Siku nyingine ushanga uliuziba mwezi wote. Siku nyingine mwezi ulichungulia pembeni. Na asubuhi za ukungu, jua lilipokuwa halichomi macho, alilipima jua vilevile.

Ngwali alimwambia Mize kwamba mwezi huvimba na kusinyaa, na kwamba siku hiyo aliyoiona Mize, mwezi utakuwa umesinyaa. Utaingia mbele ya jua lakini hautalifunika lote. Ukingo utabaki pande zote, kama pete.

Mize hakutaka kusikia. Alimwambia kwamba mfalme anauliza siku, haulizi unene, na kwamba wakiingia barazani kwake na maneno mawili wataonekana hawajui hata moja. Akamwomba anyamaze. Ngwali akamtazama, akachukua utete wake, akanyamaza.

Ndipo Mize akaenda barazani, akaitaja siku.

Mfaume Dadi aliagiza mtungi uletwe. Kura zikapigwa siku ile ile, kokoto moja kwa kila mwanamume mzima, zote ndani ya mtungi. Kokoto iliyotoka ilikuwa ya Vuai, mwashi wa ukuta wa mji.

Na Vuai alikuwa ndugu yake Mize. Mama yao alifariki Vuai akinyonya, na Mize ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamfundisha kutembea. Alikuwa ameoa mwaka uliopita tu. Mkewe, Somoe, alikuwa na mimba kubwa.

Mize alikuwa bado pale barazani. Alimwona mdogo wake akishikwa mkono, akiongozwa kitini, akivishwa kile kilemba cheupe kilichomshuka hadi kwenye nyusi. Vuai hakupigana. Alimtafuta dada yake kwa macho, akamwona, na akamtikisia kichwa taratibu, kana kwamba yeye ndiye anayemfariji.

Kuanzia hapo Vuai alikaa ikulu akilishwa vizuri kama mfalme na kulindwa kama mwizi. Ndugu walikatazwa kusema naye. Somoe alimjia Mize nyumbani. Hakulia. Alisimama mlangoni akamwambia, "Wifi, ulipokuwa unaimba hizo nyimbo zako, ulidhani ni mtoto wa nani atakayeketishwa?"

Mize alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki, na kilikuwa kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyamazisha. Akafunga mkanda, akaenda kwa Ngwali, akapiga magoti mbele yake, akamwomba amwambie tena habari za pete.

Ngwali alimweleza. Na alipokwisha kueleza, akaongeza jambo lililomfanya Mize aone baridi. Alisema kupatwa kule kwa enzi za babu ndiko huku huku, msafiri ni yule yule. Basi huenda hata siku ile pete ilibaki. Lakini sheria ya Kiungwe ilimtaka kila mtu alale kifudifudi afiche uso, na hakuna aliyetazama. Huenda mtu aliuawa kwa ajili ya jua ambalo halikufa.

"Kwa nini hukusema barazani, Mzee wangu?" Mize akamuuliza. "Ungeweza kunipita ukasema."

"Uliniambia ninyamaze," akasema Ngwali. "Na nilitaka uaibike. Sikujua kokoto itakuwa ya nani."

Wakaenda wote wawili kwa Mfaume. Safari hii Mize ndiye aliyenyamaza na Ngwali ndiye aliyesema. Alisema sheria ni jua kufa, na jua lililobaki na pete ya moto halijafa. Mfaume akamuuliza ana uhakika gani. Ngwali akajibu kwamba hana cha kuonyesha ila ushanga na utete, lakini ana shingo. Jua likifa lote, naye auawe pamoja na Vuai.

Mfaume Dadi hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu mwenye hofu. Akakubali, lakini kwa sharti: sheria itabaki kama ilivyo. Watu wote watalala kifudifudi. Mwenye upanga atasimama nyuma ya kiti, naye pia atainamisha macho chini. Upanga utashuka ndege watakaponyamaza, isipokuwa mwenye upanga mwenyewe awe na hakika kwamba jua lingali hai. Akiushusha bure, ameua bure. Asipoushusha na jua likawa limekufa, basi mfalme amekufa, na damu yake iko juu ya mwenye upanga.

Mwenye upanga alikuwa mtu mmoja aitwaye Pandu, wa ukoo ambao haukufanya kazi nyingine. Mize alimfuata, akamweleza habari za pete, akamsihi. Pandu alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema hawezi kutazama jua, maana atakayelitazama atapofuka, na mpofu hashiki upanga. Na hawezi kumwamini mtu mwingine, maana kila atakayepiga kelele siku ile atakuwa na sababu yake. Atasubiri ndege. Hilo tu ndilo aliloweza kuahidi.

Siku ikafika.

Kiti kiliwekwa uwanjani, chini ya mkwaju mkubwa, ili mfalme wa siku ile asiunguzwe na jua analolifia. Vuai aliketi, mikono juu ya magoti. Nyuma yake alisimama Pandu. Pembeni, amefungwa kamba miguuni, alikaa Ngwali. Mfaume mwenyewe alikuwa ndani, amevuliwa vazi la ufalme, amelala sakafuni kama mtu wa kawaida. Watu wakalala kifudifudi uwanja mzima, vichwa vimeelekea ukuta.

Mize alilala miongoni mwao, paji la uso mchangani. Alikuwa anajua saa, na saa ilipotimia hakuna kilichotokea. Akasikia watu wakianza kunong'ona. Ikampitia fikira kwamba labda amekosea siku, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba awe amekosea.

Kisha mgongo wake ukahisi. Jua lililokuwa likiuchoma likalegea. Mchanga mbele ya macho yake ukabadilika rangi, ukawa kama majivu. Upepo mdogo ukapita, wa baridi. Mbuzi wakaanza kulia wakitaka zizi. Mtoto mmoja akalia, akazibwa mdomo. Mize alisikia ndege wa mkwajuni wakiita kwa haraka, kama waitavyo magharibi, mmoja mmoja wakiacha, mmoja mmoja, hadi akabaki mmoja tu.

Yule mmoja naye akaacha.

Akasikia mlio mdogo wa chuma. Upanga ulikuwa umetoka alani.

Na hapo, katikati ya uwanja ule uliolala, mtu mmoja akasimama. Mize alisikia mguno wa mwanamke mzito akijiinua, akajua ni nani kabla hajasikia sauti. Somoe alikuwa ameinua uso juu, macho wazi, akilitazama jua.

"Pete!" akasema. "Ipo pande zote. Pandu, ipo. Bado ninaiona."

Watu waliokuwa karibu naye wakamshika kanga wakimvuta chini. Hakushuka. Aliendelea kutazama, akiogopa kwamba akiacha kuangalia nayo itatoweka, akirudia neno lile lile, na sauti yake ikipanda, kisha ikikauka, hadi ikawa mnong'ono.

Mize alisubiri sauti ya upanga. Aliisubiri kwa mwili mzima, meno yameuma mchanga. Haikuja. Haikuja, na haikuja. Kisha ndege mmoja akaita, na mwingine akamjibu, na joto likarudi mgongoni taratibu, na mtu fulani akaanza kulia kwa sauti bila kujizuia. Mtu huyo alikuwa Vuai.

Mize alipoinua kichwa, Pandu alikuwa ameuweka upanga chini na amepiga magoti, anapapasa ardhi kwa vidole.

Baadaye alieleza. Alisema ndege waliponyamaza aliinua upanga, na alikuwa anaushusha. Ndipo yule mwanamke akapiga kelele. Hakumwamini, maana mke wa mtu atasema lolote. Lakini kelele zile zilimfanya asite, na macho yake yalikuwa chini kama sheria ilivyotaka. Mwanga wa jua ulipenya kati ya majani madogo ya mkwaju ukaanguka mchangani, na siku zote mianga ile huwa viduara. Siku ile haikuwa viduara. Zilikuwa pete. Pete ndogo ndogo zisizohesabika, juu ya mchanga, juu ya miguu yake, juu ya kile kilemba cheupe cha Vuai. Akajua.

Mfaume Dadi alipona. Msimu ukaisha, na mwingine ukaanza, naye yuko hai. Lakini palibaki jambo. Hapakuwahi kutokea mtu aliyeinuka kwenye kiti kile akiwa mzima, na wazee wa baraza hawakujua wamfanye nini. Mtu aliyevishwa kilemba kile huhesabiwa amekufa. Mali yake imeshagawiwa, ndoa yake imevunjika, ukoo wake umeshamlilia. Mfaume akaamua hivi: Vuai amezaliwa upya, na kila aliyezaliwa ana mzazi. Mzazi wake ni yule aliyemtoa kitini. Vuai atahamia kwake, atamtunza maisha yake yote, na mzazi huyo ndiye atakayesema lini ataoa na nani, na watoto wake watakuwa wa ukoo huo. Mzazi awe mmoja tu, na ajulikane.

Wakaitwa barazani watu wanne waliohusika.

Pandu alisema kwanza. Alisema wengine walitabiri na wengine walipiga kelele, lakini shingo ya Vuai ilikuwa chini ya mkono wake, na mkono ndio uliozuilika. Angeweza kuukamilisha na asingelaumiwa na mtu. Na sasa ukoo wake umemkataa, maana mwenye upanga aliyerudisha upanga bila damu si wao tena. Hana ndugu. "Nimempa uhai, na nimempa ukoo wangu pia," alisema. "Nipeni yeye awe ndugu yangu."

Ngwali akasema Pandu aliona pete mchangani, kweli, lakini bila maneno yake yeye Ngwali zingekuwa ni mianga tu ya ajabu. Nani alimfundisha kwamba pete ni uhai? Ni yeye aliyeweka shingo yake rehani kabla mtu yeyote hajaona lolote. Ni mzee, hana mtoto, na hakuna mtu anayejua kupima mwezi ila yeye. Anamtaka Vuai amrithi, asije mtu mwingine akafa kwa jua ambalo halikufa.

Mize alikuwa amejiambia hatasema. Alijua mikono yake haikuwa safi. Lakini alipomwona mdogo wake amesimama pale katikati, amekonda, hajui aelekee wapi, maneno yakamtoka yenyewe. Alisema bila siku aliyoitaja, Vuai na wengine wengi wangekufa langoni. Alisema yeye ndiye aliyerudi kwa Ngwali akapiga magoti, na asingerudi, Ngwali angekufa na siri yake. Na alisema amekwisha kuwa mama wa Vuai mara moja, na hakuna aliyewahi kulalamika.

"Wewe ndiye uliyemkalisha," akasema Ngwali.

"Na wewe ukanyamaza," akasema Mize.

Somoe alikuwa wa mwisho. Aliongozwa mkono na jirani, maana macho yake yalikuwa yamekwenda, yote mawili, hayakurudi. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, amefungwa kifuani kwake kwa kanga. Hakuwa amewahi kumwona sura.

Alisema yeye hajui mizunguko wala unene wa mwezi. Alichojua ni kwamba Pandu amekiri mwenyewe: upanga ulikuwa unashuka, na kilichousimamisha ni sauti. Wengine walitoa walichokuwa nacho, nao bado wanacho. Mize ana hesabu zake, Ngwali ana shingo yake, Pandu ana mikono yake. Yeye alitoa macho na hayapo tena.

Pandu akamjibu kwa upole kwamba alisita tu. Angesita, kisha angeendelea. Mchanga ndio uliomzuia. Hata kama Somoe asingesimama, huenda angeziona pete zile mwenyewe, maana macho yake yalikuwa chini.

"Huenda," akasema Somoe. Alimpakata mtoto akangoja.

Mfaume akamgeukia Vuai, akamruhusu kusema. Vuai alitazama mmoja baada ya mwingine. Akatazama mkono wa Pandu, akatazama shingo ya Ngwali yenye mikunjo, akamtazama dada yake, na alipofika kwa mkewe, yule asiyeweza kumtazama, akafumba macho. Alisema hawezi kuchagua. Kila atakayemwacha atakuwa amemwambia kwamba hakumwokoa.

Baraza likagawanyika. Mafundi wakasema Ngwali. Wanawake wengi wakasema Somoe, lakini wengine wao, wale waliolea wadogo zao, wakasema Mize. Walinzi wote wakasema Pandu. Walibishana hadi sauti zikakauka, na Mfaume Dadi akasema waliokuwepo siku ile wana upande, basi na waamue watu ambao hawakuwepo.

Watu hao ni nyinyi. Vuai amesimama mbele yenu na mnaweza kumkabidhi mkononi mwa mtu mmoja tu: Mize aliyeitaja siku, Ngwali aliyeijua pete, Somoe aliyelitazama jua, au Pandu aliyeurudisha upanga. Semeni, na mtu aseme kwa sababu: ni nani aliyemtoa Vuai kitini?